Nilighushi Muhuri, Sasa Naomba Joho

Kwa miaka mitatu nilikuwa mtawa. Hivyo ndivyo mama yangu alivyowaambia watu wa soko la Kamembe, nao wakamwamini, kwa sababu Maman Béatrice anauza sambaza, dagaa wa ziwani, ambazo hazijawahi kunuka, na mwanamke wa namna hiyo hafanani na mwongo.

Ukweli mmeshausoma hapa wiki zilizopita. Sikuwa kwa masista. Nilikuwa gerezani, nimevaa sare ya rangi ya chungwa, kwa kosa la kughushi muhuri wa ofisi ya ardhi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi katika kibanda cha kupiga chapa karibu na kituo cha mabasi. Muhuri niliukata mwenyewe kwa wembe kwenye soli ya kandambili. Kwa muhuri huo mtu mmoja aliuza nusu ya shamba la mpunga ambalo halikuwa lake.

Kwa mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Elikia Bashige na nina miaka thelathini na sita. Gerezani niliwaandikia wenzangu barua za rufaa mpaka wakaanza kuniita Maître, yaani wakili, kwa utani. Nilipotoka nikasomea sheria kwa ukaidi, nikafaulu. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa mbele ya fomu ya kuomba kuapishwa kuwa wakili, kalamu mkononi, kwenye swali la kumi na moja.

Swali la kumi na moja lilikuwa fupi. Umewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai?

Niliandika ndiyo.

Msinisifu. Kuandika hapana kungehitaji cheti safi cha kuambatanisha, na hapa Kamembe simjui mwingine anayeweza kukitengeneza kama mimi. Nilikaa na cheti hicho kichwani siku mbili. Nilijua karatasi yake, wino wake, hata mahali ambapo karani angeweka saini yake kwa kupinda. Kisha nikajiambia kwamba mtu anayeghushi cheti cha kuonyesha kuwa hajawahi kughushi anastahili kurudishwa ndani, si kwa uhalifu, kwa kukosa ubunifu tu.

Kwa hiyo niliandika ndiyo, nikapeleka dosie yangu, yaani jalada zima la maombi, nikasubiri.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Sikukataliwa. Nilitakiwa kufika mbele ya jopo la mawakili watatu, ambao wangeamua kama mimi ni mtu wa mwenendo unaoheshimika. Kabla ya siku hiyo, mambo mawili. La kwanza, jina langu na kosa langu vibandikwe hadharani, ili mwenye pingamizi alilete. La pili, nilete barua kutoka kwa mtu niliyemkosea, kama bado yu hai.

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi. Saa nne Mama alikuwa ameshapata habari.

Aliyemletea ni Védastine, muuza vitunguu wa meza ya pili, mama ambaye anaongoza kwaya na anaongoza pia habari zote za soko. Hakuja kwa ubaya. Alikuja na uso wa pole, kama anayekuletea chakula cha msiba.

"Maman Béatrice," akasema, "kule kwa masista mutoto wako alikuwaka, masista banavaaka orange?"

Mama alimpimia mteja sambaza zake mpaka mwisho, akafunga mfuko, akaaga.

"Masista ni ba aina mingi, Védastine," akasema. "Unabajua bote?"

Soko zima lilicheka. Mama hakucheka. Alifunika beseni, akarudi nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyovunjika kidole.

Nilikuwa jikoni namenya viazi. Alisimama mlangoni.

"Miaka kumi na ine," akasema. "Miaka kumi na ine nimekuchunga na uongo moja, muzuri, haina tundu. Watu banakuombaka uongoze rozari. Na weye unaandika ndiyo."

"Mama, si ndiyo ukweli."

"Najua ni ukweli. Nilikuombeaka kwa Mungu uwe avoka, wakili. Sikuombaka uwe avoka wa kusema kweli."

Alikaa kwenye kigoda, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya viazi pamoja nami. Tulimenya vyote, hata vile vya kesho. Mama akikasirika anafanya kazi, na siku hiyo tulikula viazi mpaka tukashindwa kuinuka.

Lile la pili lilikuwa gumu zaidi. Niliyemkosea alikuwa hai. Anaitwa Ndagijimana, mkulima wa Muganza, na mara ya mwisho kumwona ilikuwa mahakamani, mgongo wake tu, kwa sababu alikataa kabisa kugeuka.

Alhamisi nilipanda basi dogo la kuteremka bondeni. Nilivaa sketi nyeusi na viatu vya kisigino, vile nilivyonunua kwa ajili ya kuapishwa. Akilini mwangu nilikuwa nakwenda kuketi sebuleni, kunywa chai, kuomba msamaha kwa sentensi nilizozipanga vizuri. Nilishuka karibu na kiwanda cha saruji, malori yakanipaka unga, nikauliza njia, na kila niliyemuuliza alinionyesha mashambani.

Mzee alikuwa amesimama kwenye tuta, suruali imekunjwa, majini hamna mtu.

"Mzee, shikamoo. Naitwa Elikia Bashige."

"Najua," akasema. "Ule wa kashe, ule muhuri ya uongo."

"Nimekuja kukuomba—"

"Unajua kupalilia mpunga?"

"Hapana, Mzee."

"Basi anza kujua. Hii upande wa mufereji njo ile nusu uliuzisha."

Sentensi zangu nzuri zote zikaishia hapo. Nilivua viatu, nikavipanga kwenye tuta kama mtu anayeingia msikitini, nikaingia kwenye matope mpaka magotini.

Wasomaji, gerezani nimelima. Nimebeba mawe, nimechota maji, nimeosha masufuria ya watu mia tatu. Sijawahi kuumia kiuno kama siku ile. Mzee alikaa kwenye tuta na fimbo yake, akinielekeza kama mwalimu wa gari.

"Unang'oa mupunga," akasema.

Nilitazama mkononi. Kwangu mpunga na magugu vilikuwa sawasawa.

"Majani njo ile yenye ubavu mweupe. Hii unashika ni chakula." Akatikisa kichwa. "Hata hapa unachanganya ya kweli na ya uongo."

Saa sita akaja mkwe wake, Umwali, mwalimu wa shule ya msingi, na mihogo kwenye sahani. Alinitazama na sketi yangu iliyofungwa kiunoni, akaniwekea kipande kwenye ukingo. Nilikula nikiwa nimesimama majini. Mzee alikula, kisha akaongea bila kunitazama, kama anaongea na mfereji.

"Ile kesi yangu ilikuwa na siku sita za kwenda tribunal. Siku ya ine, bibi yangu, mama ya batoto bangu, alikuwa mugonjwa. Aliniambia usiende. Nikamwambia nikikosa, banachukua shamba. Nikaenda. Nikarudi, nikakuta bamama ba jirani bamekaa inje."

Nilisubiri aendelee. Alirudi kwenye muhogo wake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hadithi ilikuwa imekwisha, na kwamba wale akina mama waliokaa nje walikuwa wamekaa kwa sababu ya msiba.

Katika kesi yangu nilikuwa na maneno ya kujitetea ya kila aina. Nilikuwa mdogo. Nilitumwa. Sikujua shamba lile ni la nani. Niliyasema yote mbele ya hakimu na mengine niliyarudia. Pale kwenye matope sikupata hata moja.

"Sikujua, Mzee," nikasema mwishowe.

"Ungejua aye? Ungeacha?"

"Sijui kama ningeacha."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Sikupenda macho yale, lakini sikuyakwepa.

"Palilia," akasema.

Nilipalilia mpaka saa tisa. Kisha akaingia ndani na Umwali, mlango ukafungwa, na mimi nikabaki uani na kuku. Nilisikia sauti yake ikisema, ikinyamaza, ikirekebisha. Walipotoka, Umwali alikuwa na bahasha iliyofungwa kwa gundi, na juu yake ameandika jina la jopo kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

"Umenisamehe, Mzee?" nikauliza, kwa sababu mtu akishachafuka mpaka kwenye nyusi haoni aibu tena.

"Sikukuita hapa kwa kusamehe. Weye njo umekuja." Akanipa bahasha. "Peleka. Usifungue."

Usifungue. Kuniambia hivyo mimi. Ninajua njia nne za kufungua bahasha na kuifunga bila mtu kugundua, na mbili kati ya hizo nilizibuni mwenyewe.

Nyumbani, Mama aliishika bahasha, akaipima uzito, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Naweka juu ya sufuria kidogo tu," akasema. "Mvuke inafungua yenyewe. Siye hatujafungua."

"Hapana, Mama."

"Na kama ameandika mubaya? Utajipelekea mwenyewe mubaya yako mu mukono?"

"Ndiyo."

"Hii 'ndiyo' yako itatuua," akasema Mama, akaenda kuonja chumvi.

Bahasha ilikaa siku nane juu ya kabati, chini ya sanamu ya Bikira Maria. Mama alisema ni ulinzi. Mimi nadhani alitaka nione aibu kuigusa. Ilifanya kazi.

Siku ya kikao ikafika. Ukumbi ulikuwa juu ya duka la vyuma, pale Kamembe, na kikao kilikuwa cha wazi. Nilidhani hakuna atakayekuja. Niliingia nikakuta Védastine na nusu ya kwaya wamekaa safu ya nyuma, wamevaa vitenge vya Jumapili. Mama alikuwa safu ya tatu, peke yake, viti viwili kila upande vikiwa vitupu. Kikao kiliendeshwa kwa Kinyarwanda na Kifaransa, lakini ninawaandikia kwa Kiswahili chetu, kwa sababu aibu yangu inaeleweka kwa lugha zote.

Mwenyekiti alikuwa Maître Habumugisha, mzee mwenye mvi na upole wa mtu anayetaka kumaliza mapema. Kulia kwake Maître Patricie, mwanamke mwembamba mwenye dosie yangu mbele yake, imejaa vikaratasi vya njano. Alikuwa ameisoma yote. Niliogopa hapo hapo. Mawakili wanaosoma dosie yote si wengi.

Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Mwenyewe aliingia akiwa amechelewa, akaomba radhi, akainama kusaini karatasi ya mahudhurio kwa mkono wa kushoto, kiwiko kimeinuliwa kama bawa.

Kiwiko kile nilikijua.

Mwaka wangu wa mwisho pale kibandani, kabla sijakamatwa, alikuja mwanafunzi mmoja wa sheria na karatasi yake ya alama. Alikuwa ameanguka somo moja, arobaini na saba kwa mia. Alikuwa karibu kulia. Nilimgeuzia arobaini na saba ikawa sabini na nne. Kazi ya dakika tano. Alisaini chini kwa mkono wa kushoto, kiwiko juu, akaondoka akinibariki.

Sasa alikuwa anaitwa Maître Cyusa, na alikuwa ameketi kuamua kama mimi ni mwaminifu.

Aliinua macho, akaniona. Kalamu yake ilisimama. Kisha akaishusha taratibu, akafungua chupa ya maji, akanywa yote.

"Tuanze na barua ya mlalamikaji," akasema mwenyekiti.

Maître Patricie alichana bahasha kwa kisu cha karatasi na kusoma bila kupamba.

"Mimi Ndagijimana, mkulima wa Muganza, ninasema hivi. Huyu mwanamke alinidhulumu. Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe, muniachie hilo mwenyewe. Alikuja nikampeleka shambani, akang'oa mpunga wangu mwingi. Nilimuuliza swali ngumu, hakunidanganya. Wakati wa kesi yangu nilikuwa na wakili. Hakuwahi kufungwa, sifa yake safi. Kwa siku sita za kesi alikuja siku moja, na siku hiyo alisahau jina langu. Kama mnataka kunilinda na watu wabaya, mmechelewa. Kama mnaniuliza nani angebaki na mimi mpaka mwisho, huyu alibaki kwenye matope mpaka saa tisa. Mufanye vile munaona."

Nyuma, mtu wa kwaya alipenga kamasi. Mimi nilitazama meza, kwa sababu nilijua nikitazama kitu kingine nitalia, na nilikuwa nimejiapiza kutolia mbele ya Védastine.

"Barua nzuri," akasema Maître Patricie. "Mimi sina shida na toba. Nina shida na meza." Akagonga meza kwa kidole. "Mteja anakuja na hati yake ya shamba, ya asili, iko moja tu duniani. Anaiacha juu ya meza ya wakili wake na kwenda kulala. Tumwambie nini? Kwamba wakili huyu anajua kutengeneza nyingine kama hiyo?"

"Mwambieni wakili huyu anajua kutambua ya uongo," nikasema.

"Na akiwa na njaa?"

"Nimekuwa na njaa miaka kumi na mmoja tangu nitoke, Maître. Nimefundisha watoto kusoma, nimeuza sambaza na Mama, nimefagia ofisi za mawakili ambao walikuwa wanaacha hati za wateja mezani, kama ulivyosema. Hati hizo zipo bado."

Hakutabasamu. Lakini aliandika kitu kwenye kikaratasi cha njano, na hakukiandika kwa hasira.

Hapo Maître Cyusa akaomba kusema. Wasomaji, nimesikia mahubiri mengi. Sijasikia kama yale. Alisema adhabu isiyo na mwisho si adhabu tena, ni ukoo. Alisema gerezani kuna watu wanaojua sheria kwa uchungu kuliko sisi tunaoijua kwa vitabu. Alisema tukiwafungia mlango waliotubu, tutabaki na wale ambao hawajakamatwa bado. Sentensi hiyo ya mwisho aliisema, akaisikia mwenyewe, akakohoa.

Kwaya ilitaka kupiga makofi. Mwenyekiti Habumugisha alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Nilihesabu. Cyusa, ndiyo. Habumugisha, karibu ndiyo. Wawili kwa mmoja. Nilianza kuona joho la uwakili.

"Swali la mwisho," akasema Maître Patricie. Alifungua ukurasa wenye kikaratasi. "Hukumu yako inataja hati moja. Na katika maelezo yako umeandika, kwa mkono wako, 'hati niliyoghushi'. Moja. Ninakuuliza, Elikia. Katika maisha yako yote, ni hati moja tu uliyowahi kughushi?"

Kabla sijafungua mdomo, Maître Cyusa alikuwa ameshainua mkono wake wa kushoto.

"Mwenyekiti, naomba dakika tano. Maji yamenizidi."

Tulipewa dakika tano. Nilienda kwenye korido, penye bomba na ndoo. Alinifuata.

"Unanikumbuka?" akauliza.

"Arobaini na saba," nikasema.

Alifumba macho.

"Sikiliza. Lile somo nililirudia mwenyewe kwa siri, nikalisoma miaka miwili. Leo ninalijua kuliko mwalimu wangu."

"Nakuamini, Maître."

"Sema moja. Moja njo hukumu inasema. Hakuna sheria inamulazimisha muntu kujitaja makosa yenye hajashitakiwa. Hii si kukuomba kitu. Ni ushauri wa kisheria."

"Wa bure?"

"Elikia, tafadhali. Ukisema moja, kura yangu unayo, na ya Mzee Habumugisha nimeiona machoni. Utaapa mwezi ujao. Ukisema nyingine, Patricie atakuuliza za nani. Hata angekuwa kaka yake, atakuuliza."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniumiza. Kisheria alikuwa na haki kabisa, na kama angekuwa mteja wangu ningemshauri vilevile. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola, na nikamwonea huruma, kwa sababu mimi niliogopa miezi minne tu kabla ya kukamatwa. Yeye alikuwa anaogopa mwaka wa kumi na nne.

"Twende," nikamwambia. "Wanatusubiri."

"Utasema nini?"

Nilikuwa nimeshaanza kutembea. Ninaapa kwenu, na kiapo changu kina thamani mnayoijua, nilirudi kukaa kwenye kile kiti bila kujua.

Maître Patricie hakurudia swali. Alinitazama tu, amekunja mikono. Nikamfikiria Mzee Ndagijimana akisema palilia. Nikafikiria pia joho, weusi wake, jinsi linavyoangukia mabegani, na kwa sekunde nzima nililipenda kuliko roho yangu.

"Si moja," nikasema.

Kwaya ilivuta pumzi kwa pamoja, kwa sauti mbili.

"Ngapi?" akauliza Maître Patricie.

"Ninazokumbuka, tisa."

Mwenyekiti Habumugisha alivua miwani na kusugua macho, kama mtu aliyeona basi lake likiondoka. Maître Cyusa alifunika kalamu yake. Aliifunika polepole sana, akaiweka sambamba na karatasi, akakaa na mikono juu ya magoti kama mtoto anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Huna lazima ya kunijibu hili," akasema Maître Patricie, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa laini. "Unajua kwamba huna lazima. Lakini ninauliza. Anza na ya kwanza kabisa. Ulimtengenezea nani?"

Nyote mnadhani nilimtazama Cyusa. Hata yeye alidhani.

Cyusa alikuwa wa saba. Ya kwanza niliitengeneza nikiwa na miaka kumi na saba, kwenye meza ya jikoni. Kilikuwa cheti cha makazi kilichosema kwamba mwanamke fulani ameishi Kamembe miaka kumi, wakati alikuwa amevuka mpaka kutoka Bukavu miezi minne tu iliyopita, na mimi mgongoni mwa pikipiki ya pili pamoja na masufuria. Kwa cheti hicho alipata kitambulisho. Kwa kitambulisho hicho alipata meza sokoni. Juu ya meza hiyo ameuza sambaza miaka kumi na tisa, akanilisha, akanisomesha, akanidanganyia.

Kwa hiyo sikumtazama Cyusa. Niligeuka kutazama safu ya tatu, nikitumaini ameelewa, ameondoka, ameshafika chini kwenye duka la vyuma.

Mama alikuwa ameshasimama. Amekaza kitenge, anamtazama Maître Patricie kama anavyomtazama mteja anayebonyezabonyeza samaki bila kununua.

"Maître," akasema, "usimusumbue mutoto. Ya kwanza iko yangu. Natembeaka nayo."

Akafungua sakoshi yake ya begani.